Darubini ya bunduki kwa bajeti ndogo: linganisha modeli, si majina

Anayetafuta darubini ya bunduki ya kuwindia mara nyingi huanza kwa kuuliza, "Vortex au Leupold?" Likiulizwa hivyo, swali halijibiki, kwa sababu kila kampuni kubwa huuza ngazi nne au tano za darubini chini ya jina moja. Vortex huuza Crossfire II inayotengenezwa China na Razor HD inayotengenezwa Japani. Pengo la ubora kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko pengo utakalolikuta kati ya Crossfire II na darubini ya Bushnell, Burris au Hawke ya bei ileile. Kwa hiyo amua kwanza kiasi cha fedha, tafuta modeli tatu au nne zinazoingia ndani yake, ndipo ulinganishe. Jina lina uzito wake, lakini uzito huo uko zaidi kwenye dhamana kuliko kwenye kioo.

Kabla ya yote, tenga fedha ya reli na pete, yaani vifungio vinavyoishikilia darubini juu ya bunduki. Kadirio linalofaa ni sehemu moja kati ya tano au sita ya bajeti nzima. Pete zinazotolewa bure ndani ya boksi la darubini ya bei ya chini mara nyingi ni za aluminiamu laini, nyuzi zake hulika mapema, na bunduki huanza kutawanya risasi huku mwenyewe akiilaumu darubini. Pete za chuma au za aluminiamu nzuri kutoka kampuni kama Warne, Talley au Leupold zitakaa miaka mingi na kuhamia kwenye darubini utakayoinunua baadaye. Pete za Burris Signature zina vipande vya plastiki ndani vinavyojipanga vyenyewe, hivyo haziachi michubuko kwenye bomba la darubini na husaidia pale matundu ya skrubu ya bunduki yalipotobolewa upande kidogo.

Majina yanayofaa kutazamwa

Leupold hutengeneza darubini zake za VX-Freedom mjini Beaverton, Oregon. Ile ya 3-9x40, yaani yenye ukuzaji wa mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ya milimita 40, ina uzito wa karibu gramu 350, ni nyepesi kuliko nyingi za daraja lake, na umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya lenzi ya nyuma na jicho, ni mzuri. Unachokosa ni mapambo: kwa fedha ileile kampuni nyingine itakupa ukuzaji mkubwa zaidi, taa na nobu kubwa. Kwa mwindaji anayetembea siku nzima na bunduki begani, wepesi na uimara vina faida kuliko hayo yote.

Vortex Crossfire II 3-9x40 ni nzito kidogo, karibu gramu 420, na kioo chake kinatosha mchana. Kilichoiuza sana ni dhamana: haina kikomo cha muda, haidai risiti, na humfuata mmiliki mpya ukiiuza. Diamondback ni ngazi inayofuata, na tofauti ya kioo jioni inaonekana kwa macho, kwa hiyo ukiweza kuongeza kidogo, ongeza. Burris, kampuni ya Colorado iliyoanzishwa mwaka 1971 na kununuliwa na Beretta mwaka 2002, ina safu ya Fullfield ambayo ni imara na isiyo na makelele, pamoja na dhamana inayofanana na ya Vortex. Hawke ya Uingereza inapendwa sana na watumiaji wa bunduki za upepo, na safu yake ya Vantage ni ya bei nafuu. Kwa Bushnell angalia safu kwa makini, maana Banner na Elite ni vitu viwili tofauti kabisa. Athlon Argos BTR humpa anayepiga shabaha za mbali msalaba (alama ya kulengea iliyo ndani ya darubini) unaokua pamoja na picha kwa bei ambayo zamani haikuwezekana. SWFA SS ya ukuzaji mmoja wa mara 10 haina urembo wowote, lakini nobu zake zinasifika kwa kusogea kwa usahihi.

Majina ya zamani yanahitaji uangalifu. Redfield za miaka ya karibuni si za kampuni ile iliyokuwa Denver. Jina lilinunuliwa na Leupold mwaka 2008. Nikon iliacha biashara ya darubini za bunduki karibu mwaka 2020, kwa hiyo ProStaff na Monarch unazokutana nazo ni mabaki ya ghala au zilizotumika. Kioo chake ni kizuri, lakini usitarajie modeli mpya wala vipuri vya kudumu.

Chini ya ngazi hiyo kuna darubini zenye majina yasiyojulikana, mara nyingi 6-24x50, zenye taa ya rangi tatu, leza na pete za bure, kwa bei ya chini kuliko 3-9x40 ya kampuni inayojulikana. Ziache. Kutengeneza lenzi kumi na springi imara kuna gharama yake, na bei hiyo haiwezi kuilipia huku ikilipia taa na leza. Kinachopunguzwa ni kile usichokiona dukani.

Nini hufanya darubini ishike ziro

Ziro ni mpangilio unaofanya risasi ipige pale msalaba unapolenga kwa umbali uliouchagua. Ndani ya bomba la nje kuna bomba dogo lenye lenzi zinazogeuza picha. Nobu mbili, moja ya juu na chini na nyingine ya kushoto na kulia, hulisukuma bomba hilo kwa skrubu nyembamba, na springi hulisukuma lirudi upande wa pili. Kila risasi ikipigwa, bomba hilo hurushwa. Springi ikiwa dhaifu, au skrubu ikiwa ya chuma laini, bomba halirudi mahali pake, na ziro inahama. Hapa ndipo darubini ya bei ndogo sana hufa, na hakuna kioo kizuri kinachoweza kuliponya tatizo hilo. Ndiyo maana mpangilio wa vipaumbele unapaswa kuwa hivi: kwanza ishike ziro, pili umbali wa jicho utoshe, tatu kioo, halafu ukuzaji.

Bunduki ya upepo ya springi ina kesi yake. Pistoni yake husukuma bunduki nyuma kisha huirusha ghafla mbele, na lenzi nyingi zimefungwa kuhimili teke la kurudi nyuma tu. Darubini iliyovumilia bunduki kubwa ya moto inaweza kuvunjika ndani kwenye bunduki hiyo inayoonekana mpole. Nunua iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa bunduki za upepo.

Ukuzaji, lenzi ya mbele na mwanga

Ukuzaji wa mara 4 humfanya mnyama aliye mita 200 aonekane kama yuko mita 50. Mara 9 humleta wa mita 300 hadi mita 33 hivi. Kwa uwindaji wa kawaida 3-9x40 inatosha, na 2-7 inatosha zaidi vichakani, kwa sababu ukuzaji mdogo hutoa uwanja mpana wa kuona na hukuwezesha kumpata haraka mnyama anayekimbia. Ukuzaji wa mara 24 kwenye darubini ya bei nafuu hukuza pia mtetemo wa mkono, mawimbi ya joto ya ardhini na kasoro za kioo chenyewe.

Hesabu moja rahisi huokoa fedha nyingi: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni. 40 kwa 9 ni milimita 4.4. 40 kwa 6 ni 6.7. 50 kwa 24 ni 2.1 tu. Mboni ya jicho gizani hufunguka kati ya milimita 5 na 7, na hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Kwa hiyo jioni, darubini ya 3-9x40 ikirudishwa kwenye mara 6 inakupa mwanga wote ambao jicho linaweza kuupokea, na lenzi ya milimita 50 au 56 haikuongezei kitu hapo isipokuwa uzito na pete ndefu zaidi. Mlimani au porini saa ya magharibi, jambo la kwanza ni kupunguza ukuzaji.

Jambo la pili ni utando uliopakwa kwenye lenzi. Uso mmoja wa kioo usio na utando hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye lenzi 8 ina nyuso 16, kwa hiyo bila utando ungebaki na karibu asilimia 52 ya mwanga. Utando mzuri wa tabaka nyingi hupunguza hasara hiyo hadi karibu nusu asilimia kwa kila uso, na kinachobaki ni kama asilimia 92. Soma boksi: maandishi "Fully Multi-Coated" yanamaanisha nyuso zote zinazokutana na hewa zina tabaka nyingi. "Multi-Coated" peke yake huweza kumaanisha baadhi tu, na "Coated" ni tabaka moja mahali fulani.

Unene wa bomba, inchi moja au milimita 30, haubadilishi mwanga kwa namna utakayoiona. Bomba la milimita 30 humpa mtengenezaji nafasi zaidi ya kusogeza bomba la ndani, na hilo humfaa anayepiga mbali. Kwa mita 250 na chini, chukua lolote.

Umbali wa jicho, msalaba na paralaksi

Umbali wa jicho ni nafasi kati ya lenzi ya nyuma na jicho pale picha inapojaa bila duara jeusi pembeni. Kwa bunduki ya wastani usikubali chini ya sentimita 8.5, na kwa zile za teke kali, kama zinazotumia risasi kubwa ya .375 H&H, tafuta 9.5 au zaidi. Angalia namba ya ukuzaji wa juu, si ya chini, maana darubini nyingi hupoteza sentimita moja au zaidi unapokuza. Nafasi ikiwa fupi, ukingo wa darubini hupasua nyusi, hasa unapopiga ukiwa umelala au unapolenga kupanda mlima.

Msalaba ukiwa kwenye sehemu ya mbele ya mfumo wa lenzi, hukua na kupungua pamoja na picha, na alama zake za umbali hubaki sahihi kwenye kila ukuzaji. Ukiwa kwenye sehemu ya nyuma, unabaki na ukubwa uleule, na alama huwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu. Kwa uwindaji chagua wa nyuma: ni nafuu zaidi, na kwenye mara 3 bado unauona vizuri kivulini, ilhali ule wa mbele huwa mwembamba kama uzi.

Paralaksi, yaani msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha jicho linaposogea, inaogopwa kupita kiasi. Darubini nyingi za bunduki za moto hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100, karibu mita 91. Tuchukue mita 100 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa lenzi ya milimita 40, kosa kubwa kabisa linalowezekana kwenye shabaha ya mita 200 ni milimita 20, na hilo hutokea jicho likiwa ukingoni kabisa mwa picha. Ukiweka shavu vizuri halifiki hata nusu yake. Kwa mnyama, hilo si kitu. Kwa bunduki ya upepo inayolenga mita 20, darubini hiyohiyo inaweza kukosea milimita 16, ambazo ni nyingi kwa shabaha ndogo. Hapo lipia nobu ya kurekebisha paralaksi.

Ukaguzi dukani na kwa zilizotumika

Toa darubini mbili nje, ziweke kwenye ukuzaji uleule, kisha tazama maandishi madogo yaliyo kivulini, ikiwezekana jioni. Mwanga mkali wa duka huzipendezesha zote. Tafuta tawi jeusi dhidi ya anga nyeupe: mstari wa zambarau kwenye ukingo wake ni dalili ya kioo hafifu. Usiielekeze darubini kwenye jua kamwe.

Zungusha nobu kutoka mwisho hadi mwisho. Kila kliki isikike na ihisike sawa. Zikiwa laini mahali pamoja na ngumu pengine, iache. Kisha weka lenzi ya mbele ikigusa kioo cha kujitazamia, ukuzaji ukiwa wa chini, na utazame ndani. Utaona msalaba pamoja na kivuli chake. Nobu zikiwa katikati ya safari yake, viwili hivyo vinapaswa kukaribiana sana.

Kwa iliyotumika, mulika tochi kutoka mbele huku ukitazama ndani kwa pembe. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula utando wa lenzi. Mikwaruzo myepesi ya pete kwenye bomba haina neno, lakini bonde unalolihisi kwa kidole linaonyesha bomba lilibanwa hadi likapinda. Namba ya utambulisho itume kwa kampuni kabla ya kulipa, kwa sababu Leupold feki zimekuwa zikiuzwa kwa miaka mingi na kampuni yenyewe imewaonya wanunuzi. Bei ya nusu kwa darubini "mpya kabisa" ni onyo linalotosha.

Kuhusu dhamana, uliza itatumika vipi mahali ulipo. Dhamana ya maisha iliyoandikwa Marekani inaweza kuhudumiwa na wakala wa nchi yako au inaweza kukudai uitume darubini ng'ambo, na darubini za bunduki ni bidhaa zinazodhibitiwa mipakani, kwa hiyo huenda ukahitaji kibali. Kama wakala wa karibu ni wa Hawke na si wa Vortex, hiyo ni sababu nzuri ya kununua Hawke.

Kuifunga

Hakikisha bunduki haina risasi, bolti (kipande kinachoteleza kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu) iko wazi. Safisha matundu ya skrubu za reli kwa spiriti, yakauke. Weka tone moja la gundi ya nyuzi ya nguvu ya wastani kwenye skrubu za reli, kaza, kisha endesha bolti: skrubu ndefu mno huchungulia ndani na kuikwaruza.

Chagua pete fupi kadiri iwezekanavyo, ilimradi lenzi ya mbele ibaki milimita 2 au 3 juu ya mtutu. Darubini ikikaa juu mno, shavu linaelea na paralaksi inakuwa tatizo la kweli. Laza darubini kwenye pete bila kukaza, weka ukuzaji wa juu, fumba macho, laza shavu kwenye kitako kama unavyolenga kawaida, fumbua. Sogeza mpaka picha ijae, kisha isukume mbele sentimita moja zaidi.

Sawazisha msalaba kwa timazi: ning'iniza uzi wenye uzito mita 20 mbele, bunduki ikiwa imesawazishwa kwa pimamaji, na uulinganishe mstari wa wima na uzi huo. Kaza skrubu za pete kwa kupishana, nafasi za pande mbili zibaki sawa, hadi newtonmita 1.7 hadi 2 kama mtengenezaji wa pete hakusema vingine. Usitie gundi hapa. Hulainisha nyuzi na kukufanya ukaze kupita kipimo. Pete ya ukuzaji ikianza kuwa ngumu kuzungusha, umebana mno.

Mwisho rekebisha lenzi ya jicho: tazama anga safi kwa sekunde moja au mbili, ondoa jicho, zungusha kidogo, tazama tena, mpaka msalaba uwe mkali papo hapo. Ukikodoa kwa muda mrefu jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya.

Ziro na jaribio la mraba

Anza mita 25, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga. Kwa bunduki ya bolti, toa bolti, tazama shabaha kupitia mtutu, kisha lete msalaba hapo bila kuisogeza bunduki. Piga moja, rekebisha, nenda mita 100.

Kliki za nobu hupimwa kwa pembe, ama kwa MOA (sehemu moja ya 60 ya digrii) ama kwa miliradi (sehemu moja ya 1000 ya radiani). Kliki ya robo MOA husogeza risasi milimita 7.3 kwa mita 100, na milimita 1.8 tu kwa mita 25. Kliki ya 0.1 miliradi ni sentimita 1 kwa mita 100. Kundi likiwa sentimita 6 chini na 3.5 kushoto, kwa robo MOA utapanda kliki 8 na kwenda kulia 5. Pima kutoka katikati ya kundi la risasi tatu, usifukuze risasi moja moja, na uache mtutu upoe.

Ziro ikishapatikana, fanya jaribio la mraba ndani ya muda wa kurudisha bidhaa. Lenga alama moja muda wote. Piga kundi la kwanza. Panda kliki 40, piga; kulia 40, piga; shuka 40, piga; kushoto 40, piga. Kwa robo MOA kila upande wa mraba unapaswa kuwa karibu sentimita 29, kwa miliradi sentimita 40, na kundi la mwisho liangukie juu ya la kwanza. Pande zikipungua asilimia 2 au 3 lakini kundi likarudi nyumbani, darubini inafaa kwa mwindaji anayeweka ziro mara moja na kuiacha. Kundi lisiporudi, irudishe. Irudishe pia kama baada ya kurekebisha risasi ya kwanza haisogei kisha ya pili au ya tatu inaruka: bomba la ndani linanata na springi haina nguvu ya kulisukuma.

Ziro ikihama baada ya wiki kadhaa, usikimbilie kuilaumu darubini. Kagua skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako, halafu reli, halafu pete, kisha jiulize kama umebadilisha aina ya risasi. Vyote vikiwa sawa, funga darubini nyingine inayojulikana kuwa nzima na upige makundi mawili ya risasi tano. Makundi yakikaza, kosa ni la darubini ya kwanza: ipeleke kwenye dhamana pamoja na karatasi za shabaha, ukiandika tarehe, umbali na idadi ya kliki kwenye kila moja.